Punje Kumi Mbele ya Mita

Walikuwepo Kamau, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, aliyesimama chini ya mita akizungusha funguo kidoleni. Baba Atieno wa chumba cha mwisho, ametoka zamu ya usiku kiwandani mtaa wa Baba Dogo, macho mekundu na harufu ya plastiki iliyoungua bado iko kwenye shati. Bi Zuhura wa chumba kilichopakana na chetu, mikono imejaa unga wa mahamri. Mumewe Mzee Bakari, ambaye hakutoka nje bali aliketi kitandani mlango ukiwa wazi, mrija wa hewa puani. Mdogo wangu Simiyu, aliyekuwa kidato cha tatu. Na Tabitha, kitinda mimba wetu, niliyemwambia abaki ndani akaja. Na mimi Nekesa. Wapangaji wengine walisimama kila mtu mlangoni kwake, na kwa kuwa hawakusema kitu siku ile, sitawataja.

Ni miaka mingi sasa, na nywele zangu zimeanza kuingia mvi pale kipajini. Lakini tangu mwezi uliopita nilipopata habari ya msiba, ninajikuta nikiwapanga tena watu hawa katika ujia ule wa mtaa wa Lucky Summer, kila mmoja mahali pake, kama mtu anayehakikisha viti kabla ya wageni kufika. Ujia wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba watu wawili wenye ndoo hawakuweza kupishana bila mmoja kurudi nyuma. Juu kulikuwa na kamba za nguo, chini mfereji wa maji ya sabuni, na mwishoni, karibu na lango, sanduku la mita. Mita ilikuwa moja kwa ploti nzima. Kila chumba kilichanga sawa, Kamau akanunua tokeni za umeme, na kwa sababu tulichanga sawa kila mtu alikuwa polisi wa mwenzake. Pasi zilikatazwa. Koili za kuchemshia maji zilikatazwa. Friji hakuna aliyethubutu hata kuiota. Kitu pekee kilichoruhusiwa bila mjadala ni mashine ya Mzee Bakari ya kutengeneza hewa, iliyokodishwa kutoka zahanati, ambayo ilinguruma mchana na usiku nyuma ya ukuta wetu mpaka tukaacha kuisikia.

Kilichokuwa kinajadiliwa ni kompyuta yangu. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, na nikajifunza kuchapa katika saiba moja, duka la intaneti hapo mtaani. Mwenyewe alipofunga biashara aliniachia kompyuta ya zamani kuliko zote, ile yenye kioo kinene kama jiko na sanduku ambalo feni yake ililia kama mtu mwenye mafua. Kwa kompyuta hiyo nilichapa barua za kuomba kazi, katiba za vyama na, zaidi ya yote, ratiba za mazishi. Watu wa Lucky Summer walizika sana mwaka ule. Tulikula kutokana na vifo vyao, na sioni aibu kusema hivyo, kwa kuwa vya kwetu pia wengine walikuwa wamevila. Tatizo ni kwamba kila nilipoiwasha jioni, watu wakiwa wamewasha taa na televisheni, swichi kuu chini ya mita ilijiangusha, ploti nzima ikaingia giza, na nyuma ya ukuta ule mngurumo ukakatika. Hapo ndipo tulipousikia. Ulisikika kwa kutokuwepo kwake, kisha ikasikika sauti ya mzee akitafuta hewa, kisha miguu ya Bi Zuhura ikikimbilia lango.

"Mimi nasema wazi," Baba Atieno alianza. "Kwa hii ploti kuna ng'ombe anakula stima. Na sisi wote tunajua amefungwa chumba gani."

Watu walicheka milangoni.

"Ni ya kazi, Baba Atieno," nikasema.

"Kazi! Mimi pia niko na kazi. Umewahi kuniona nikibeba kiwanda nakuja nacho nyumbani?"

Kamau alikohoa ili asicheke. "Nekesa, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mwenye ploti ameshasema. Ama hiyo kompyuta itoke, ama chumba kitoke."

"Chumba kitatoka kiende wapi?" Tabitha akauliza, na Simiyu akamfinya bega.

Tabitha hakujua kuwa swali lake lilikuwa na jibu. Shangazi yetu alikuwa ameagiza mara mbili kutoka Bungoma. Mpango wake ulikuwa umekamilika na haukuwa mpango mbaya kwa mtu anayeutazama kwa mbali: Tabitha aende Kitale akalee watoto wa binamu, Simiyu ashike kazi ya shamba, nami nitafute nyumba ya watu ya kufanyia kazi. Kilichonipa nguvu ya kumjibu hapana ni kwamba tulikuwa na chumba na nilikuwa na njia ya kukilipia. Chumba kikienda, hapana yangu nayo ingekwenda. Kompyuta ikienda, chumba kingefuata mwisho wa mwezi. Nilisimama pale nikitazama maji ya sabuni yakipita, nikaona kwamba njia zote mbili zinaishia kwenye basi la Kitale na mtoto wa miaka kumi ndani yake.

"Mpeni mwezi," Bi Zuhura akasema.

Kamau akageuka. "Bi Zuhura, wewe ndiye unaumia kuliko sisi. Stima ikiruka, ni mzee wako."

"Najua ni mzee wangu. Niliolewa naye mimi, hukuolewa wewe. Nimesema mpeni mwezi, huyu binti atafute njia." Akajipangusa unga mikononi, akarudi kwa mahamri yake kana kwamba kikao alikiitisha yeye na amekifunga.

Njia aliijua Simiyu. Alikuwa amesikia shuleni kwamba kuna vikompyuta vidogo visivyo na feni, vilivyokuwa vikitumiwa kwenye kaunta za ofisi kubwa, na kwamba ofisi zikibadilisha mitambo huvitupa kwa kilo. Aliyejua vinakotupwa alikuwa Baba Atieno. Sikutarajia kumwomba, na nadhani yeye pia hakutarajia kukubali, lakini Jumamosi ile alitembea mbele yetu hadi Kariobangi kwenye vibanda vya skrepu, akilalamika njia nzima kwamba anakosa usingizi kwa ajili ya watu wanaommalizia tokeni. Pale, katikati ya injini zilizokatwa na marundo ya nyaya, mwanamke mmoja mwenye glavu alitutolea kiboksi cheusi kisichozidi Biblia kwa ukubwa. "Hiki hakina kelele," alituambia, "sasa sijui ni kizima ama kimekufa. Mtajua mkifika." Kioo tulikipata kwa fundi wa laptopu, kimetolewa kwenye laptopu iliyokanyagwa na gari; kilikuwa na mstari mmoja wa kijani upande wa kushoto ambao haukuwahi kuondoka. Seremala wa jirani alikitengenezea fremu ya mbao za paleti ya kubebea mizigo. Kibodi tulihamisha ile ya zamani.

Adapta ya kwanza ilikuwa ya redio na ilitoa moshi. Simiyu aliing'oa ukutani akabaki ameishika mkononi, uso umempauka, maana alidhani ameua kila kitu. Ya pili, iliyokuwa ya dekoda mbovu, ilikubali. Kisha siku kadhaa zilipita akienda saiba na kurudi na kidiski cha flashi, akijaribu kuweka mfumo mwepesi wa bure ambao ungekubali kuishi katika kumbukumbu ndogo namna ile. Mara unakubali, mara unaganda. Nilikuwa nikipika ugali na sukuma nyuma yake, jiko la mafuta ya taa miguuni, nikisikiliza vidole vyake, na nilijua kwa jinsi anavyobonyeza kama mambo ni mazuri au mabaya. Siku ulipokubali hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, kaa hapa uchape jina lako." Nikachapa. Herufi zilichelewa kidogo, kama mtu anayejibu baada ya kufikiri, lakini zilikuja. Hakikutoa sauti yoyote. Tabitha aliweka viganja juu yake, kwa kuwa ilikuwa baridi ya Julai na kilikuwa na joto la paka.

Ukuta kati yetu na Bi Zuhura ulikuwa wa mbao nyembamba, na alfajiri alipokuwa akikanda unga tulisikia kila neno.

"Wamefanikiwa wale?" Mzee Bakari aliuliza siku moja, akipumzika baada ya kila maneno mawili.

"Wanasema kinakula kidogo kuliko taa."

"Na kwa kile kikubwa, huwa wanachapa nini?"

"Ratiba za maiti."

"Basi waambie hiki kipya wakifanye kiwe kizima. Wasije wakaandika yangu kwa mkono."

"Nyamaza, mwanamume wewe, hiyo hewa ya mashine si ya kufanyia mzaha." Lakini alikuwa akicheka, naye mzee akacheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi kilichodumu mpaka mahamri ya kwanza yakaingia kwenye mafuta.

Mwezi ulipokwisha, Kamau aliita watu tena. Baba Atieno hakutaka kusikia habari ya adapta wala wati. "Mimi sikusoma hayo," alisema. "Mita ndiyo inajua." Mita zile zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa kila kiasi fulani cha umeme kinapopita, na watu wa ploti zetu hupimia hapo: kila mtu anazima vyake, kinaachwa kimoja, wanatazama kitaa. Hivyo ndivyo mama mmoja wa chumba cha katikati alivyowahi kukamatwa na koili chini ya kitanda. Tukakubaliana kwamba kompyuta kubwa ipimwe kwanza, kisha ndogo, kila moja mpaka kitaa kipepese mara kumi, na Kamau atazame saa ya simu. Kila mtu aliona ni haki. Hakuna hata mmoja wetu, mimi wala Simiyu na hesabu zake za kidato cha tatu, aliyefikiria maana yake.

"Na ile mashine?" mtu akauliza.

Watu wakageukia mlango wa Mzee Bakari. Mashine ya hewa ikiwa inanguruma, kitaa kingepepesa kwa ajili yake, na kipimo kisingekuwa kipimo.

"Basi tuache," nikasema.

"Zimeni," ilisema sauti ya Mzee Bakari kutoka ndani. "Nileteeni kiti hapo."

Walimketisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya mita, blanketi mabegani, bila mrija. Sikuwahi kumwona nje kwa mwanga wa mchana; alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Mkononi alikuwa na tasbihi. Alisema yeye ndiye atakayehesabu, punje moja kwa kila mpepeso, kwa kuwa hakuna atakayemshuku mtu ambaye hesabu hiyo inamtoka kifuani mwake mwenyewe. Bi Zuhura alisimama nyuma yake, mkono shingoni mwake. Simiyu akawasha ile kubwa. Kitaa kikapepesa. Punje. Kikapepesa. Punje. Punje kumi zilikwisha kabla watu hawajachoka kusimama, na milangoni wakaguna kama mashabiki.

"Umeona ng'ombe?" Baba Atieno akasema.

Bi Zuhura alitaka mashine iwashwe kidogo apumzike. Mzee alitikisa kichwa. "Malizeni."

Simiyu akazima kubwa, akawasha ndogo. Tukangoja. Kitaa hakikupepesa. Tukangoja tena. Baba Atieno alisogea akagonga sanduku la mita kwa kidole. "Imekufa?" Hapo kikapepesa, na mzee akasogeza punje moja. Watu wakashangilia. Kisha tukangoja tena, na katika kungoja kule ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumekubaliana. Kadiri kompyuta yetu ilivyokula kidogo, ndivyo kitaa kilivyochelewa. Na kadiri kilivyochelewa, ndivyo mzee alivyokaa bila hewa. Uzuri wa kitu tulichotengeneza ulikuwa unapimwa kwa kifua chake. Mabega yake yalipanda na kushuka kama ya mtu anayebeba gunia ngazini. Kilipopepesa mara ya pili alisogeza punje kwa kidole gumba.

"Inatosha," nikasema. "Tafadhali, inatosha."

"Tulisema kumi," akasema mtu mlangoni.

Mzee Bakari hakuwa na pumzi ya kusema. Alinyoosha kidole kimoja kuelekea kwangu, maana yake ninyamaze. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Tabitha alikuwa amejificha nyuma yangu na nilimsikia akivuta hewa naye kwa nguvu, kama anayemsaidia. Nilitaka kwenda kuwasha mashine mwenyewe, lakini nilijua nikiwasha mimi ingesemwa tuliogopa kipimo. Na alilijua hilo yeye kuliko mimi, ndiyo sababu kidole kile hakikushuka. Punje ya tatu. Hapo Baba Atieno alitupa sigara mferejini, akampita Kamau, akaingia chumbani mwa mzee, na mngurumo ukaanza. Alitoka ameshika mrija.

"Nimeona," alisema, akimvalisha puani kwa vidole vile vikubwa. "Nimeona, mzee wangu. Yatosha. Wakae na kakitu kao."

Chumba kikabaki chetu. Shangazi nilimpigia nikamwambia hapana kwa mara ya tatu, na hakuagiza tena.

Ningependa kisa hiki kiishie hapo, lakini mwaka haukuishia hapo. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa hasira, na siku moja mchana transfoma ya barabarani ilipasuka, mtaa mzima ukakosa stima. Haikuwa swichi ya kukimbilia langoni. Baba Atieno alitoka kwenye matope kutafuta mtungi wa hewa. Zahanati ilikuwa na mmoja na ulikuwa na mtu. Simiyu alikwenda kuuliza jenereta mpaka viatu vikamwachia njiani, akarudi mikono mitupu. Jambo ambalo limekaa nami tangu siku ile ni hili: kompyuta yetu iliweza kufanya kazi kwa betri ya pikipiki. Tulikuwa tayari tumeijaribu. Tungeweza kuchapa siku nzima gizani. Mashine ya mzee isingesogea kwa betri ishirini kama ile.

Kabla ya magharibi Bi Zuhura alituita. Mumewe alitaka kusikia Yasini. Yeye mwenyewe alikuwa ameisoma mpaka sauti ikakauka, akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Kisomo alikuwa nacho kwenye flashi, lakini redio yake ilitaka stima. Simiyu akabeba kiboksi, mimi nikabeba kioo, spika ndogo na betri, tukaviweka juu ya ndoo ya unga, na sauti ya msomaji ikajaa chumba. Sikuelewa maneno. Nilimtazama mzee na nikaona uso wake unalegea kama wa mtu aliyefunguliwa kiatu kinachobana. Mwanga wa kioo, na mstari wake wa kijani, ndio uliokuwa mwanga pekee pale ndani. Kisha betri, iliyokuwa kuukuu, ikakata katikati ya kisomo. Giza. Bi Zuhura hakungoja hata kidogo. Aliendelea palepale msomaji alipoachia, kwa sauti ile iliyokauka, mpaka mwisho. Alipomaliza akasema, "Wanangu, nipisheni kidogo nimfunge kidevu."

Mzee Bakari alizikwa asubuhi iliyofuata. Wanaume walikuwa bado hawajarudi kutoka makaburini stima iliporejea. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima mashine, nayo ikaamka yenyewe, ikanguruma, mrija ukipuliza hewa kwenye kitanda kitupu. Sote tulioketi mkekani tuligeuka. Niliinuka niizime, Bi Zuhura akanishika gauni. "Iache," alisema. "Iache ichoke." Iliachwa mpaka adhuhuri, na hakuna mtu wa ploti ile aliyetaja tokeni.

Baada ya arobaini alianza kufunga mizigo kwenda kwa ndugu zake Mombasa. Mimi na Simiyu ndio tuliorudisha mashine zahanati. Jioni hiyo nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake, nikapiga magoti, nikamuuliza nimfanyie nini. Nilisema nitachapa, nitafua, nitamfuata huko huko nikakae naye. Nilisema mengi, kwa kuwa nilikuwa nimeyabeba tangu siku ya mita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kunilipa," akasema.

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Si mimi niliyeketi kwenye kile kiti." Kisha akanionea huruma, nadhani. "Haya. Wewe kaa na ndugu zako. Siku nikiwa na haja nitakuita. Namba yako ninayo?"

"Unayo."

"Usiibadilishe."

Sikuibadilisha. Nimehama Lucky Summer nikaenda Makongeni, kisha Njiru. Simu zimeibwa mbili, na kila mara nilipanga foleni kutafuta laini yenye namba ileile. Simiyu aliwahi kunicheka kwa hilo, akaacha. Nilimpigia kila Idi. Tuliongea juu ya mvua na bei ya unga, naye aliuliza habari za Tabitha kwa jina, na kila mara kabla ya kukata nilinyamaza kidogo, nikimpa nafasi. Aliniombea dua, akakata.

Mwezi uliopita namba yake iliita nikiwa kazini, na nilipokea nikiwa nimeshasimama, nikitafuta mkoba wangu kwa macho. Ilikuwa sauti ya mpwa wake. Alisema shangazi yake ametutoka alfajiri na wameshamzika. Nilimuuliza kama aliacha neno, kama kulikuwa na chochote alichotaka kiletwe au kifanywe, chochote, hata kidogo. Nilimsikia akiwauliza watu waliokuwa karibu naye. Kisha akarudi kwenye simu.

"Hapana, dada," alisema. "Hakuagiza kitu."